Neva 12 za kichwani: majina ninayo, mgonjwa akija nakwama. Mnazielewaje?

Mwanakliniki_2 aliuliza:

Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa pili wa utabibu, na tuna mtihani wa mdomo wa anatomia hivi karibuni. Neva za kichwani nimezikariri zote kwa mpangilio, kuanzia ya kunusa hadi haipoglosi, ile ya ulimi. Najua 1, 2 na 8 ni za hisia, 3, 4, 6, 11 na 12 ni za misuli, na 5, 7, 9 na 10 zina mchanganyiko.

Shida ni kwamba mwalimu wetu haulizi majina. Anasema hivi: "Mgonjwa kope ya kulia imeanguka, mboni imetanuka, jicho linatazama nje na chini. Tatizo liko wapi?" Hapo akili inaganda kabisa.

Mambo mawili zaidi yananisumbua. Kwanza, kwa nini mtu aliyepooza uso mara nyingine anaweza kukunja paji na mara nyingine hawezi? Pili, kwa nini ulimi unapinda kuelekea upande mbovu, lakini kimio kinaelekea upande mzima? Nimesoma, nimeandika, na bado navichanganya. Naombeni msaada.

MuuguziWaWodi alijibu:

Mdogo wangu, umeuliza mada ninayoipenda kuliko zote. Nimekaa miaka mingi kwenye wodi ya wagonjwa wa ubongo, na sasa nawafundisha wanafunzi kando ya kitanda, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Orodha iweke pembeni kwanza. Mgonjwa haji na namba, anakuja na jicho, uso, sauti, ulimi. Unachotakiwa kukijua ni njia: neva inatokea wapi kwenye ubongo, inapita jirani na nini, inatokea tundu gani la fuvu na inaishia wapi. Ukiijua njia, dalili utazitaja mwenyewe hata kama hukuzikariri.

Anza na ngazi. Shina la ubongo lina ubongo wa kati juu, ponsi katikati na medula chini. Gawa neva nne nne. Namba 1 hadi 4 ni za juu ya ponsi: 1 na 2 ni za ubongo wa mbele, hazigusi shina kabisa, na 3 na 4 ni za ubongo wa kati. Namba 5 hadi 8 ni za ponsi. Namba 9 hadi 12 ni za medula. Kuna vijimambo vya pembeni (viini vya neva ya 8, yaani makundi ya seli zake ndani ya shina, vinashuka hadi medula, na mizizi ya neva ya 11 inapanda kutoka uti wa mgongo wa shingoni), lakini mgawanyo huo utakubeba. Ongeza hili: 3, 4, 6 na 12, namba ambazo 12 inagawanyika kwazo bila baki, viini vyake viko karibu na mstari wa katikati. Viini vya misuli vya 5, 7, 9, 10 na 11 viko pembeni zaidi.

Sasa mgonjwa wa mwalimu wako. Jicho linasogezwa na misuli 6. Neva ya 3 inaendesha minne kati yake, na inainua kope pia. Ikifa, wanabaki wafanyakazi wawili tu: neva ya 6 inayovuta jicho nje, na neva ya 4 inayolisukuma chini. Ndiyo maana jicho linatazama nje na chini. Hakuna kitu cha kukariri hapo, ni hesabu ya nani kabaki.

Mboni ndiyo habari kubwa zaidi. Nyuzi zinazobana mboni zinapita juu juu, kwenye ngozi ya nje ya neva ya 3. Kitu kikiikandamiza neva kutoka nje, kwa mfano ateri ya nyuma inayounganisha ikiwa imevimba ukuta wake, nyuzi hizo ndizo zinazoumia mapema na mboni inatanuka. Kisukari kinafanya kinyume: kinaharibu vishipa vidogo vya damu vinavyolisha sehemu ya ndani ya neva, kwa hiyo mara nyingi kope inaanguka na jicho linapinda, lakini mboni inabaki sawa. Kope imeanguka, mboni imetanuka, kichwa kimeanza kuuma ghafla? Huyo ni wa picha ya mishipa ya damu siku hiyohiyo, hasubiri kesho.

Na mgonjwa aliyeumia kichwa, tunapomulika macho yake kwa tochi kila baada ya muda mfupi, tunachotafuta ni hichohicho. Damu ikijaa upande mmoja, ukingo wa ubongo wa pembeni unateremka na kuibana neva ya 3. Mboni ya upande huo inaanza kutanuka na kuwa nzito kwa mwanga. Wanafunzi wengi huona kumulika macho ni kujaza fomu tu. Tafadhali, usiwe hivyo. Dakika unayoiona mboni ikibadilika ni dakika ya kumwita daktari wa upasuaji.

Neva ya 4 ni nyembamba kuliko zote, na ndiyo pekee inayotokea mgongoni mwa shina la ubongo. Inavuka kwenda upande wa pili na kuzunguka hadi mbele, kwa hiyo safari yake ndani ya fuvu ni ndefu na pigo la kichwa linaiumiza kwa urahisi. Mgonjwa wake hasemi "macho yangu yamepooza". Anasema, "Nikishuka ngazi naona ngazi mbili," au "nikisoma mistari inapandana." Mwangalie anavyokaa: ameinamisha kichwa upande wa bega la pili, ule usio na tatizo, ili picha mbili ziwe moja. Wengine wamezaliwa na hali hiyo. Mwombe picha zake za utotoni uone kama kichwa kimeinama vilevile.

Neva ya 6 inasogeza jicho nje tu, basi. Lakini ina tabia moja ya kuiogopa: shinikizo ndani ya fuvu likipanda, kwa sababu yoyote ile, neva hii inavutwa na kulegea. Uvimbe unaweza kuwa mbali kabisa na njia yake. Ukiiona imelala, chungulia nyuma ya jicho kabla hujasema tatizo liko ponsi.

Neva ya 7 ndiyo swali lako la paji. Amri ya kukunja paji inatoka pande zote mbili za ubongo. Amri ya kusogeza mdomo inatoka zaidi upande mmoja, ule wa kinyume. Kiharusi kikipiga upande mmoja juu huko, sehemu ya paji bado inapata amri kutoka upande mzima: mdomo unalegea, paji linakunjika. Neva yenyewe ikiumia hakuna njia ya akiba. Paji, jicho na mdomo, vyote vinalala. Kwa hiyo usimwambie mgonjwa "tabasamu" ukaishia hapo. Mwambie, "Inua nyusi. Fumba macho kwa nguvu, nisiweze kuyafumbua. Nionyeshe meno. Jaza mashavu hewa."

Ulimi na kimio: ulimi husukumwa, kimio huvutwa. Msuli mkubwa wa ulimi kila upande unausukuma mbele na kuupeleka upande wa pili. Upande mmoja ukilegea, mzima unashinda na kuusukuma kuelekea upande mbovu. Taya inafanya vilevile kwenye neva ya 5, ukimwambia mgonjwa afungue mdomo. Kaakaa laini ni tofauti, kila msuli unavuta juu kwa upande wake, kwa hiyo mzima anakivuta kimio kwake. Jaribu mbele ya kioo, sukuma na vuta, hutasahau.

Nyingine kwa ufupi. Ya 1 pima tundu moja la pua kwa wakati, na usitumie amonia wala kitu cha kuwasha, maana hicho kinahisiwa na neva ya 5 na utadanganyika. Ya 5 ina matawi matatu: jicho na paji, shavu, taya. Ila ngozi ya pembe ya taya si yake, ni ya neva za shingo. Mkanda wa jeshi ukitokea paji na ukafika ncha ya pua, harakisha kwa daktari wa macho. Ya 11 inageuza kichwa na kupandisha bega, na kumbuka msuli wa kulia unageuza uso kushoto.

UsoUpandeMmoja aliandika:

Mimi si mtabibu, naomba kuuliza hapa kwa kuwa mmefika kwenye neva ya 7. Mwaka juzi niliamka upande wa kushoto wa uso umelala, maji yananimwagika nikisukutua. Niliambiwa ni kupooza kwa Bell, si kiharusi. Kuna mambo sikuelezwa hadi leo. Siku zile za mwanzo sikio la kushoto lilikuwa linasikia kelele kupita kiasi, kijiko kikigonga sahani naruka. Na nusu ya ulimi ilikuwa haina ladha. Uso ulirudi kwa kiasi kikubwa, lakini sasa nikila, jicho la kushoto linatoa machozi, na nikicheka linajifumba. Je, nina ugonjwa mwingine?

MuuguziWaWodi alijibu:

Ndugu yangu, pole kwa yote hayo. Hapana, hayo hayaonyeshi ugonjwa mwingine. Na Mwanakliniki_2 soma hapa kwa makini, huyu ndugu amekufundisha neva ya 7 kuliko mimi.

Fuata njia. Neva ya 7 inatoka chini ya ponsi, inaingia tundu la sikio la ndani pamoja na neva ya 8, kisha inapita kwenye mfereji mwembamba ndani ya mfupa. Ndani humo inatoa matawi kwa zamu. Kwanza nyuzi za tezi ya machozi. Halafu kauzi kembamba kwa msuli wa stapedi, mdogo kuliko misuli yote ya mifupa mwilini, ambao kazi yake ni kuzuia kifupa cha sikio kisitikisike kupita kiasi. Halafu korda timpani, yenye ladha ya theluthi mbili za mbele za ulimi na amri ya mate ya tezi za chini ya taya na chini ya ulimi. Ndipo inatokea chini ya sikio, inapenya tezi ya paroti, ile ya mate iliyo mbele ya sikio, bila kuiamuru (hiyo inaamriwa na neva ya 9), na kutawanyika matawi 5 usoni.

Sasa ndugu yetu alikuwa na kelele sikioni, ladha imepotea na uso umelala. Maana yake neva ilivimba juu ya pale stapedi inapopata uzi wake. Angekuwa na uso tu, ladha na sikio vikiwa salama, tungetafuta chini, nje ya fuvu, pengine kwenye tezi ya paroti. Umeona? Dalili tatu, na tayari unajua umesimama sehemu gani ya mfereji.

Machozi wakati wa kula: nyuzi zilizoharibika huota upya, na baadhi hupotea njia. Zilizokuwa za mate zinafika tezi ya machozi, kwa hiyo ukila jicho linalia. Zilizokuwa za mdomo zinafika kwenye kope, ukicheka jicho linajifumba. Ni alama za kupona. Yakikusumbua sana, mtaalamu wa mazoezi ya uso anaweza kukusaidia, na wapo wanaopewa sindano za kulegeza misuli hiyo.

Kwa wengine wanaosoma: mtu akiamka uso umelala, aende kuonwa siku hiyohiyo. Kwanza kuhakikisha si kiharusi, pili kwa sababu dawa za jamii ya steroidi zinasaidia zaidi zikianzwa ndani ya saa 72. Daktari aangalie na ndani ya sikio kama kuna malengelenge, kwa kuwa mkanda wa jeshi nao hushambulia neva hii na matibabu yake yanaongezeka. Na jicho, jamani, jicho! Uso unaweza kusubiri wiki, konea, kioo cha mbele cha jicho, haisubiri. Matone ya machozi ya bandia mchana, mafuta ya macho na plasta laini ya kulifunga usiku. Watu karibu 7 kwa kila 10 hupona vizuri hata bila dawa, lakini konea iliyokauka ikapata kidonda inaweza kumwachia mtu kovu la kudumu kwa tatizo ambalo lingekwisha lenyewe.

KooNaSauti aliandika:

Nimefurahi kuona mada hii. Mimi nafanya kazi kliniki ya masikio, pua na koo, naomba niongeze la neva ya 10, yaani vagasi, maana mmeiruka, na ndiyo yenye safari ndefu kuliko zote. Inatoka kwenye fuvu pamoja na 9 na 11 kupitia tundu moja, inashuka shingoni kando ya ateri ya karotidi, inafika moyo, mapafu, tumbo, na inaenda hadi sehemu kubwa ya utumbo mpana.

Tawi la zoloto (kisanduku cha sauti kooni) linalorudi ndilo nawasisitizia wanafunzi. La kulia linazunguka chini ya ateri ya sabklavia, lakini la kushoto linashuka hadi kifuani, linapita chini ya upinde wa aota na ndipo linapanda kurudi kwenye zoloto. Kwa hiyo mtu akija sauti imekwaruza zaidi ya wiki 3 bila mafua wala kupiga kelele, tunachungulia koo, na tukikuta uzi wa sauti wa kushoto hausogei, tunapiga picha ya kifua. Tatizo linaweza kuwa kwenye pafu, na sauti ndiyo iliyotangulia kusema.

Na kwa wapenda historia: mwaka 1921 Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura. Alichochea neva ya vagasi ya moyo wa kwanza, ukapunguza mapigo. Maji yaliyopita kwenye moyo huo akayamwaga kwenye wa pili, nao ukapunguza mapigo bila kuguswa. Neva ilikuwa imetoa kemikali, ambayo leo tunaijua kuwa asetilikolini. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 1936 pamoja na Henry Dale.

Mwanakliniki_2 aliandika:

Asanteni sana, na dada Muuguzi shikamoo. Nimekaa na ramani ya njia badala ya orodha, na mengi yameanza kukaa. Naomba nijaribu kesi niliyoikuta kwenye maswali ya zamani, mnisahihishe.

Mgonjwa uso wote wa kulia umelala, paji likiwemo. Jicho la kulia haliendi nje. Mkono na mguu wa kushoto ni dhaifu. Swali: tatizo liko wapi?

Nimefikiri hivi. Paji limelala, kwa hiyo neva ya 7 imeguswa kwenye kiini au chini yake. Jicho haliendi nje, hiyo ni 6. Zote mbili ni za ponsi. Njia ya misuli ya mkono na mguu inavuka chini kwenye medula, kwa hiyo ikiguswa ponsi upande wa kulia, udhaifu unatokea kushoto. Jibu langu: ponsi, upande wa kulia, chini na mbele. Ila kuna kitu kinanitatiza: si tulisema kiharusi huacha paji salama?

MuuguziWaWodi alijibu:

Marahaba mdogo wangu. Jibu ni sahihi, na umefika mwenyewe.

Kuhusu paji: kiharusi cha juu ya kiini ndicho huacha paji salama. Kikipiga ponsi penyewe, kikaua kiini cha 7 au nyuzi zake kabla hazijatoka, uso unalala wote kama wa Bell. Ndiyo sababu hatumpi mtu jina la Bell kabla ya kupima macho yake yanavyosogea, mikono, miguu na mwendo. Bell haimlegezi mtu mguu.

Nikuongezee kimoja mwalimu akikubana zaidi. Nyuzi za neva ya 7, kabla ya kutoka, zinapanda na kuzungukia kiini cha neva ya 6 nyuma ya ponsi. Akikuuliza utatofautishaje kiini cha 6 na neva yake, mwambie mgonjwa atazame kulia na angalia macho yote mawili. Neva ya 6 ya kulia ikiwa imekatika njiani, jicho la kulia litashindwa kwenda nje lakini la kushoto litaingia ndani kama kawaida. Kiini kikiwa kimekufa, macho yote mawili yatashindwa kwenda kulia, kwa sababu kiini hicho ndicho kinachotuma amri kwa neva ya 3 ya upande wa pili ili macho yaende pamoja. Kwa mgonjwa wako jicho moja tu ndilo lililoshindwa, kwa hiyo "mbele" uliyoandika ina ushahidi. Mtajie na sababu hiyo.